Hasira ya Mikono Miwili ya Rangi

Rula hakumvunja kinyozi shingo. Hakumkata kwa wembe, hakummwagia kopo la rangi, na hakulala jela hata siku moja. Na wale wanaosema mkewe alimpelekea hakimu bahasha wajue kwamba bahasha pekee iliyotembea siku zile ilikuwa na hati ya mashtaka ndani yake, nayo ilitoka mahakamani kuja nyumbani, si kinyume chake. Maneno haya yamezunguka mjini miaka mingi, na kila nyumba yanapopita yanatiwa chumvi. Sasa mwenyewe ametangulia mbele ya haki, hawezi kujijibia, na wajukuu wameanza kuulizwa shuleni kama ni kweli babu yao alikuwa muuaji. Kwa hiyo yaelezwe mara moja, kwa utaratibu, kama yalivyokuwa.

Shingo ilikuwepo, hilo halikataliwi. Lakini ilikuwa shingo ya rangi, na haikuvunjika. Ilipinda tu.

Jina la Rula halikuwa la cheti. Watoto wa mtaa walimpa, likamganda kuliko lile la wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao: vya maduka, vya zahanati, vya milango ya ofisi, na maandishi ya ubavuni mwa magari ya mizigo. Wapo watu wa kazi hiyo ambao hufika, hufungua kopo, huchovya brashi na kuandika mpaka nafasi inawaishia, halafu herufi za mwisho zinabanana pembeni kama watu waliokimbilia mvua. Rula hakuwa wa hivyo. Ukuta aliusugua kwanza kwa msasa, akaufuta kwa kitambaa chenye unyevu, akaupaka rangi ya msingi, akakaa juu ya kopo tupu akisubiri ikauke. Kisha alinyoosha uzi uliopakwa chaki kutoka ncha hadi ncha, akauvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachia, tap, ukaacha mstari mwembamba kama unywele. Hapo ndipo herufi zilipoanza kuja. Mkono wa kwanza wa rangi, kusubiri, mkono wa pili, kusubiri, na mwisho kivuli. Hata kibao cha kukataza watu wasitupe taka alikitia kivuli.

Nyumbani alikuwa vilevile. Mkate aliukata vipande vyenye unene mmoja, na nguo kwenye kamba alizianika kwa kufuata urefu wake. Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la tano, aliyetoka chuoni akiwa wa kwanza kati ya wanafunzi wote wa mwaka wake, na alimkubali mtu huyu kwa macho mawili wazi. Mume ambaye mkunjo wa suruali yake ungeweza kutumika kuchorea ramani hapatikani kila siku.

Karakana ya Rula ilikuwa chumba kimoja chembamba kilichofunguka barabarani. Juu ya mlango alitundika kibao chake mwenyewe, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuandika, cha buluu juu ya nyeupe: KAZI SAFI, HERUFI SAFI. Kwa miaka tisa hakuna aliyekitia dosari. Mwaka wa kumi, chumba cha ng'ambo ya barabara kikapata mpangaji mpya, kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, taulo begani wakati wote kama vile alizaliwa nalo. Kila asubuhi saa moja na nusu alifungua mlango, akasimama kizingitini, akakitazama kibao cha Rula, halafu taratibu akainamisha kichwa upande wa kushoto mpaka sikio likakaribia bega. Alibaki hivyo kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya chai. Kisha alikiinua kichwa, akasema, "Umeamkaje, jirani," akaingia ndani.

Wiki ya kwanza Rula aliitikia salamu. Wiki ya pili alipanda ngazi na pima maji, kile kipande cha mbao cha waashi chenye kichupa na kiputo cha hewa, akakiweka juu ya kibao, akateremka akiwa ameridhika. Wiki ya tatu alikipima tena. Kufika mwezi wa pili, wateja wa kinyozi waliokuwa wakingoja zamu nje nao wakaanza kukitazama kibao na kuinamisha vichwa, kwa sababu mtu akiona mwenzake anaangalia kitu kwa namna fulani, naye hujaribu. Mama mmoja aliyekuja kuagiza kibao cha duka la vitambaa alisimama katikati ya barabara, akainamisha kichwa kushoto, akasema atakwenda kufikiria. Mpaka leo anafikiria.

Rula alimweleza mkewe mezani.

"Amekuambia nini?" mkewe aliuliza.

"Hajaniambia kitu."

"Sasa amekukosea nini?"

"Shingo," alisema Rula, na hakumaliza mkate wake.

Mkewe alikuwa na uzoefu wa mambo haya, maana darasa la tano ni mahakama isiyofungwa. Kila siku kuna anayeletwa akilia, na kila anayeletwa ana utetezi uleule: mwalimu, yeye ndiye aliyenianza. Alinitazama. Alicheka nilipokosea hesabu. Alikalia kivuli changu. Alimweleza mumewe kwamba mtu akichokozwa na shingo ya mwenzake, tiba yake ni kuangalia upande mwingine. Rula alijibu kwamba upande mwingine ni ukuta. Akaambiwa aandike kitu kwenye huo ukuta. Mkewe alikuwa anatania, na ushauri huo haupaswi kuhesabiwa kama chanzo cha yaliyofuata, ingawa wapo waliouhesabu.

Yaliyofuata yalitokea Jumatatu. Asubuhi hiyo Rula alikuwa amepokea barua ya manispaa. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwandishi wa vibao wa mji mzima, kazi ya kudumu: kila jina la mtaa, kila shule, kila soko lingepita mkononi mwake. Angeanza tarehe moja ya mwezi unaofuata, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba asiwe amewahi kutiwa hatiani mahakamani kwa kosa lolote. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akiwa amekaa, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati upande wa moyo. Kisha akapanda ngazi kukifuta vumbi kibao chake, kama mtu anayempangusa mtoto uso siku ya sherehe.

Kinyozi akatoka. Akakitazama kibao, akainamisha kichwa kushoto. Akakiinua. Akakiinamisha kulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakirudisha kushoto, na safari hii akasema, "Mh."

Alifunga mlango wake, akaenda mji wa jirani kununua nyembe.

Rula alibaki juu ya ngazi. Damu ilimpanda, masikio yakavuma, mikono ikaanza kutetemeka. Alishuka, akachukua brashi na kopo, akavuka barabara kama mtu anayekwenda vitani mpaka kwenye ukuta mweupe wa ubavuni mwa chumba cha kinyozi. Akainua brashi. Na hapo, brashi ikiwa juu, akaona ukuta una vumbi.

Rangi haishiki juu ya vumbi. Akarudi kuchukua msasa.

Alisugua ukuta, akaufuta, akaupaka rangi ya msingi. Alikaa juu ya kopo kusubiri ikauke. Alinyoosha uzi wa chaki. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri alimchora kinyozi kuanzia kifuani kwenda juu, mkubwa kama mlango, taulo begani, jicho moja limefinywa na sikio karibu limelalia bega. Hakuandika jina wala neno. Halikuhitajika. Watu walianza kukusanyika picha ikiwa na pua tu, na tayari walikuwa wanaicheka. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya maishani, na hilo linasemwa na mtu aliyeziona zote.

Kinyozi alirudi Rula akiwa juu ya ngazi, anatia kivuli chini ya kidevu. Alisimama mbele ya ukuta wake. Akaitazama picha, na bila kujijua akainamisha kichwa kushoto. Kundi zima likaangua kicheko, maana sasa walikuwa wawili, mmoja wa rangi na mmoja wa nyama, wanatazamana kwa shingo moja. Kinyozi aliipiga ngazi teke. Rula aliteremka bila kupanga, akakaa ndani ya kopo la buluu. Aliyeumia ni suruali, na mkunjo wake haukuwahi kurudi. Kinyozi akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, taulo begani, na kabla wiki haijaisha bahasha ikafika: kuharibu ukuta wa mtu kwa makusudi.

Sasa barua mbili zilikaa meza moja, moja ikimpa kazi na nyingine ikimnyang'anya.

Karani wa mahakama, mtu wa huruma, alimnong'oneza Rula kwamba ipo njia. Ukuta umechorwa, hilo halina ubishi. Lakini hakimu akikubali kwamba mshtakiwa alichokozwa, anaweza kumwonya na kumwachia aende zake bila kumtia hatiani. Kila kitu kilining'inia kwenye neno hilo moja, uchokozi.

Mkewe hakupenda kuning'inia kwenye neno asilolijua vizuri. Siku iliyofuata, baada ya masomo, alikwenda maktaba, akaomba kitabu kinene cha sheria, akakisoma na kalamu mkononi. Alichokikuta kilimshangaza kwa jinsi kilivyofanana na darasa la tano, isipokuwa mwandishi wake alikuwa mkali kuliko yeye. Sheria haiulizi tu nani alianza. Inauliza kama kitendo hicho kingemtoa mtu wa kawaida, mwenye akili zake, katika utulivu wake. Si mtu mwenye ngozi laini kupita kiasi, wala mlevi, wala aliyekuwa anatafuta sababu. Inauliza kama kisasi kililingana na kosa, maana aliyesukumwa bega hana ruhusa ya kuchoma nyumba. Na zaidi ya yote inauliza saa. Aliyechokozwa lazima awe ametenda papo hapo, kabla damu haijapoa. Akienda nyumbani, akanywa maji, akavaa viatu, akarudi, huyo hakuchokozwa tena. Huyo amekuja.

Alipofika hapo alikifunga kitabu. Rangi ya msingi peke yake, kwa siku ya jua, inahitaji saa nzima kukauka.

Nyumbani alimkuta wifi yake, dada mkubwa wa Rula, ameshafungua mahakama jikoni. Wifi huyu, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo mzuri na ulimi usio na breki. Alikuwa anamfundisha kaka yake la kusema. Sema uliona giza. Sema ulisikia sauti. Ukifika kizimbani tetemeka kidogo, na ukiweza kudondosha chozi, dondosha, hakimu naye ni mtoto wa mtu.

"Wifi, huyu mwanaume ameoa mwalimu," mkewe alisema. "Chozi la kujifunza nalijua kabla halijatoka."

"Basi mfungishe," wifi akajibu. "Mimi nitapeleka uji jela, wewe utapeleka vitabu."

Mkewe alimsimamisha mumewe kati ya meza na jiko, akampa sharti lilelile alilowapa watoto wake wa darasani. Aseme alichofanya yeye, mwanzo mpaka mwisho, bila kumtaja mwenzake hata mara moja. Darasani wengi huishia katikati ya sentensi, wakaomba kwenda kukaa.

Rula alianza. Alipanda ngazi. Alishuka. Alivuka barabara. Alirudi kuchukua msasa. Alipofika kwenye mkono wa kwanza wa rangi sauti ilikuwa imepungua, na alipofika kwenye mkono wa pili akatazama vidole vyake.

"Malizia," mkewe alisema.

"Nilifurahi, Mwalimu," alisema Rula. "Sijawahi kufurahi namna ile kazini."

Wifi alifunika uso kwa kanga na kusema sasa wamekwisha.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, mabenchi ya mbao, saa ya ukutani iliyochelewa dakika kumi, na juu ya kiti cha hakimu neno MAHAKAMA kwa herufi nyeusi zenye kivuli. Rula alizitambua herufi zake mwenyewe na hakujua kama afarijike au aone haya. Hakimu alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na nywele zilizokatwa siku ileile au jana yake.

Kinyozi alitangulia kutoa maelezo. Alisema ukuta wake ulikuwa mweupe, aliuacha asubuhi ukiwa mweupe, akarudi akajikuta yuko juu yake. Hakimu akamuuliza kuhusu kibao cha jirani. Kwa nini alikuwa akikitazama kila asubuhi huku amepinda shingo?

"Shingo gani, Mheshimiwa?" aliuliza kinyozi, na palepale, akiwa amekaza macho kwa hakimu, kichwa kikaanza kwenda kushoto.

Mahakama nzima iliona. Hakimu naye aliona. Aliandika maneno mawili, akainua macho, akakuta kichwa bado kiko begani na jicho moja limefinywa, linamtazama juu kidogo ya sikio. Mkono wa hakimu ulijiinua wenyewe ukagusa nywele.

"Unaangalia nini?" aliuliza, na sauti haikuwa tena ya mahakama.

"Hakuna kitu, Mheshimiwa."

"Mlalamikaji, umeapa kusema kweli."

Kinyozi alijikuna. "Upande wa kushoto umeshuka kidogo, Mheshimiwa. Aliyekukata alikuwa na haraka."

Karani alizamisha uso ndani ya faili. Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mtu mzima alikuwa anapigana na nafsi yake mbele ya watu wote, na ilimchukua muda. Hatimaye alisema mahakama itachukulia kwamba haikusikia. Lakini tangu dakika ile alimtazama Rula kwa jicho la udugu.

Akamwita kizimbani. Kwanza hakimu alikubali, tena bila kusita, kwamba kitendo cha kinyozi kingeweza kumtoa mtu wa kawaida katika utulivu wake. Wifi, kwenye benchi la mbele, alimbana mkewe Rula ubavuni kwa furaha. Kilichobaki, alisema hakimu, ni suala la muda.

"Ulipovuka barabara ulikuwa na hasira?"

"Nilikuwa natetemeka, Mheshimiwa."

"Na ulipopaka rangi ya msingi?"

Rula alifikiri. "Rangi ya msingi haipakwi na mkono unaotetemeka."

"Kwa hiyo hasira ilikuwa imekwisha?"

"Ilikuwa inakwisha."

Midomo ya wifi ilikuwa inaunda neno giza, giza, giza, kama samaki aliyetolewa majini. Rula hakumwangalia. Alimwangalia mkewe, aliyekuwa amekaa mgongo wima, mkoba juu ya magoti, uso kama ubao uliofutwa. Barua ya manispaa ilikuwa bado mfukoni, mkunjo wake ulionekana kupitia shati.

"Na mkono wa pili wa rangi?" aliuliza hakimu. "Nasema hivi, mshtakiwa, fikiri vizuri kabla hujajibu. Mkono wa pili ulikuwa katika hali gani?"

"Mkono wa pili," alisema Rula, "nilikuwa napiga mluzi."

Kicheko kilipotulia, hakimu alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba hasira inayosubiri rangi ikauke mahakama haiwezi kuiita ya ghafla. Alimgeukia kinyozi, akamuuliza alipoiona picha alikaa muda gani kabla ya kuipiga ngazi teke. Kinyozi alijibu kwamba hakukaa hata kidogo. Hiyo sasa, alisema hakimu, ndiyo ghafla. Kwa hiyo mtu aliyemwangusha mwenzake ndani ya rangi alitoka na utetezi safi kabisa wa uchokozi, na mtu aliyechokozwa miezi mitatu mfululizo akakosa. Mkewe Rula aliliona jambo hilo kuwa la ajabu lakini la haki, na anaendelea kuliona hivyo.

Hakimu alisema hukumu itakuwa Jumatatu. Kabla ya siku hiyo, kama wawili hawa watapatana na mlalamikaji akaondoa shauri, yeye hatakuwa na la kuandika. Alimuuliza kinyozi anataka nini.

"Ainyooshe shingo," alisema kinyozi. "Picha ibaki, wateja wameongezeka. Lakini anyooshe shingo. Mimi siko vile."

"Shingo haina kosa," alisema Rula.

"Mshtakiwa," hakimu akamwambia taratibu, "una mpaka Jumatatu."

Wanaosema kwamba mkewe alikwenda kumpigia kinyozi magoti hawamjui huyo mke. Ijumaa ilipita. Jumamosi asubuhi alimtazama mumewe, ambaye tangu siku ya ngazi hakuwa amenyoa ndevu, akamwambia kwamba akitiwa hatiani sawa, lakini hakuna mtu wa familia yake atakayetiwa hatiani akiwa na ndevu zile. Rula alisema atakwenda kwa kinyozi wa sokoni. Mkewe alimkumbusha kwamba mpaka afike sokoni atapita mbele ya nyumba arobaini, na zote zina madirisha. Ng'ambo ya barabara ni hatua tisa.

Rula alivuka hatua tisa. Kinyozi alikuwa peke yake. Hawakusalimiana. Alimwonyesha kiti kinachozunguka, akamfunga kitambaa shingoni kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akampaka povu, akaukunjua wembe. Rula aliinua kidevu, na kwa kuwa hakuna pengine pa kutazama, akatazama kioo.

Ndani ya kioo kinyozi alirudi nyuma hatua moja. Aliinamisha kichwa kushoto, akafinya jicho, akaangalia ndevu za pembeni mwa sikio hili, akaangalia za sikio lile. Akakiinamisha kulia. Akakirudisha. "Mh," alisema, akaugusisha wembe mahali pamoja tu, padogo kama punje.

Rula aliacha kupumua. Halikuwa jambo la wembe. Alikuwa ameona uzi wa chaki. Mtu huyu alikuwa ananyoosha mstari wake kwa shingo, kama yeye alivyonyoosha wake kwa uzi, na alikuwa amefanya hivyo kwa vichwa vya watu maisha yake yote mpaka shingo ikasahau kurudi. Alikitazama hivyo kila kitu: vichwa, milango, mahakimu, na pengine hata sahani ya chakula.

Kinyozi naye aliinua macho kwenye kioo ambacho kila siku alikitumia kuangalia wateja, na kwa mara ya kwanza akaangalia nani amesimama nyuma yao. Sikio karibu na bega. Jicho limefinywa. Wembe ukabaki hewani.

"Jirani," alisema.

"Naam."

"Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi, saa moja na nusu."

Kinyozi alikaa kwenye benchi la wateja, taulo mkononi. "Na hukuweza kuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Rula. "Mikono miwili."

Kinyozi alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akaweka wembe chini. Rula aliinuka na kitambaa shingoni, upande mmoja wa uso umenyolewa na upande mwingine una povu, akavuka barabara, akarudi na msasa. Shingo hakuigusa. Sehemu tupu ya ukuta, mbele ya yule kinyozi wa rangi, aliisugua, akaifuta, akaipaka rangi ya msingi. Jioni hiyo mtaa mzima uliona kilichoongezwa: kiti, na juu ya kiti mteja, uso wake nusu povu, na mkono wa kinyozi ukiwa na wembe karibu na sikio lake. Sasa shingo ilikuwa na sababu. Yeyote aliyetazama aliona fundi anayepima kazi yake, na mteja mwenyewe alikuwa Rula. Ngazi siku hiyo ilishikwa na kinyozi, kwa mikono yote miwili.

Jumatatu kinyozi aliondoa shauri, na hakimu akafunga faili bila kuandika neno. Upande wa kushoto wa nywele zake ulikuwa umesawazishwa, na kwa wale wanaopenda kuuliza, haukusawazishwa na kinyozi wetu. Rula alianza kazi ya manispaa tarehe moja, akaifanya miaka ishirini na miwili. Hakuna mtaa wa mji huu ambao jina lake halikupita chini ya uzi wake. Kinyozi alimnyoa kila Jumamosi mpaka Jumamosi ya mwisho, alipokuja na begi lake hospitali.

Maneno ya shingo kuvunjika yalianzia kwa wifi, aliyependa hadithi iwe na damu kidogo ili watu wasisinzie. Alisamehewa. Lakini kusamehewa kwake hakuyafanyi kuwa kweli.

Lipo jambo moja ambalo watu bado wanaliuliza, na hata kinyozi, alipozeeka, aliwahi kulianza sebuleni: "Lakini shemeji, kile kibao cha buluu, tuseme ukweli." Hakuruhusiwa kumaliza. Ni kweli kwamba siku moja, mumewe akiwa kazini, mkewe Rula alivua viatu, akapanda ngazi na pima maji, akakiangalia kiputo cha hewa kilivyotulia ndani ya kichupa chake. Aliona alichokiona. Aliteremka, akarudisha kila kitu mahali pake, akaenda kusahihisha madaftari. Kibao chenyewe sasa kiko ukutani kwake, kimetundikwa anavyotaka yeye. Wageni wanaokuja kumpa pole hukitazama, na mara moja moja yupo ambaye kichwa chake huanza kwenda kushoto. Huyo huambiwa chai yake inapoa. Kama kibao kilikuwa kimenyooka au hakikunyooka, mjane hasemi.